Kosa la Kwanza la Thobias

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa: Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi, Morogoro mjini
Tarehe: 16 Februari 2024, kuanzia saa 3:40 asubuhi
Jina: Mwanvita Rehani Mkude (anajulikana pia kama Mama Hamza)
Umri: Miaka 56
Kabila: Mluguru
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkulima, muuzaji wa pilipili manga na ndizi
Makazi: Kitongoji cha Mlimbo, Kinole, Wilaya ya Morogoro

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo hapa naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja kwa miguu yangu na hakuna aliyenituma. Waliotaka kunituma walitaka ninyamaze.

Mimi ni mjane. Mwanangu Hamza yuko Dar es Salaam na mimi naishi peke yangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na stoo nyuma, ambamo naweka pilipili manga ikishakauka. Ng'ambo ya kijito anaishi Thobias Severin, mkulima wa mananasi, ana pikipiki. Mke wake ni Winfrida, binti wa miaka ishirini na mbili, aliyeolewa hapo mwaka juzi akitokea Turiani. Mama yake Winfrida alishafariki. Amelelewa na mjomba wake, mzee Benedikto, anayelima mpunga hukohuko Turiani. Winfrida si ndugu yangu. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mwislamu, na ukoo wake si wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wiki hii nimeulizwa mara nyingi, "Wewe ni nani wake?" Mimi ni jirani yake.

Thobias ni mtu anayependwa. Hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo. Kukiwa na msiba, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi, na mimi mwenyewe amenibebea gunia la ndizi mpaka barabarani zaidi ya mara moja na akakataa hata maji ya kunywa. Ukienda Mlimbo leo ukauliza, watakwambia hivyo, na hawatakuwa wamesema uongo. Lakini nyumba usiyolala hujui hila yake.

Mnamo tarehe 19 Januari 2024 Winfrida alijifungua mtoto wa kike kwenye zahanati. Tarehe 22, kama saa nne asubuhi, nilimpelekea uji. Kwetu mzazi hanyweshwi uji mtupu; unatiwa pilipili manga hasa, ifukuze baridi tumboni na kuleta maziwa. Nilimkuta ameketi kitandani na mtoto mapajani. Kikombe alikipokea kwa mkono wa kushoto. Nikamtania kwamba Turiani hawafundishi adabu. Hakucheka. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi. Kanga ilipomshuka begani niliona alama, na nyingine shingoni, chini ya sikio. Nilipomuuliza akasema aliteleza akienda chooni.

Afande, mimi nimeteleza katika milima ile tangu sijaota meno. Huku kwetu mvua haina msimu. Ukiteleza unaumia magoti, unaumia viganja, unaumia makalio, na kanga yako inabaki na udongo mwekundu hata uifue mara tatu. Hakuna njia Kinole inayomwangusha mtu ikamwachia alama za vidole shingoni. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mama Hamza, uji wako mtamu." Nikaelewa kwamba nimefungiwa mlango, nikachukua chupa yangu ya chai nikaondoka.

Tarehe 6 Februari, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nawasha moto, Winfrida akaingia kwa mlango wa uani. Alikuwa peku, mvua imemlowesha, mtoto kamfunga kifuani ndani ya kitenge. Nilimvua nguo, nikamfunga kanga kavu, nikamkalisha motoni. Mgongo wake niliuona. Afande ameniambia nieleze nilichoona: ulikuwa na michirizi ya mkanda, mipya juu ya ya zamani. Sikuihesabu.

Nilimuuliza kwa nini ametoka leo na si siku nyingine. Alisema usiku ule mtoto alilia sana, Thobias akamziba mdomo kwa kiganja ili anyamaze, na akanyamaza. Winfrida aliuondoa mkono ule kwa meno. Aliniambia maneno haya, nayakumbuka yalivyo:

"Mama, mimi nimezoea. Mtoto hajazoea."

Nilimweka stoo, kwenye mkeka, katikati ya magunia. Kwetu mzazi hatembeitembei kabla ya arobaini, kwa hiyo wapita njia hawakushangaa kutomwona nje. Siku ile ile, kama saa tatu, Thobias alifika uani kwangu. Alinipa shikamoo, akauliza kama nimemwona mwenzake, kwa upole kabisa, kofia mkononi. Nikasema sijamwona. Huo ni uongo nilioutamka na nautaja hapa nikiwa nimeshaonywa kuhusu uongo. Wakati tumesimama, mtoto akapiga chafya kule stoo, maana pilipili manga haina huruma na pua changa. Nikapiga chafya na mimi, kubwa, ya makusudi, nikalaani vumbi la pilipili. Thobias akaniambia, "Afya, mama," akaondoka. 

Mchana nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sikumwambia yuko wapi, nilimwambia hali yake. Alisikitika. Alisema mwanamke hatolewi kwa mume na jirani. Watu wa kwao waje, wakishafika yeye atakaa nao hata usiku kucha. Niliporudi nikamwambia Winfrida kwamba kesho yake gari la ndizi linashuka mjini, twende moja kwa moja polisi. Akakataa. Alisema, "Nikiondoka mwenyewe nitakuwa mtoro. Mwiteni mjomba."

Naomba hili lieleweke, kwa sababu afande anatoka mkoa mwingine. Kwetu Waluguru, hata wa Turiani, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kule Turiani kuna shamba la mpunga la marehemu mama yake Winfrida, mjomba analitunza, na ni la Winfrida na mtoto wake. Mjomba akija kumchukua, amerudi kwao kwa heshima na hakuna mume wa kumfuata. Akikimbia peke yake, ukoo utauliza amemkimbia nani na kwa kosa gani. Kwa hiyo binti hakuomba jambo la kijinga. Alichoomba, hata mimi ningekiomba, na mama yangu kabla yangu.

Tarehe 7 Februari asubuhi tulimpigia mzee Benedikto kwa simu yangu. Winfrida alimweleza kila kitu. Hakuwahi kumweleza kabla. Miaka miwili yote alikuwa anamwambia hawajambo. Jibu la mzee nililisikia kwa sababu simu yangu inapiga kelele: "Tulieni hapohapo. Nakuja mwenyewe. Mtoto wangu hatatolewa na mtu mwingine."

Siku zile za kumsubiri zilikuwa nzuri, sitaficha. Binti alikula. Nilimsuka nywele. Alifua kitenge chake, akakikausha juu ya magunia, kikanuka pilipili, tukacheka kwamba mjomba atampokea mtoto akiwa ameshaungwa. Aliniuliza kama mbegu ya pilipili manga itaota Turiani. Nikamwambia kule ni joto, lakini ajaribu, nikamfungia vikonyo vichache vyenye mbegu za kuotesha kwenye jani la mgomba.

Tarehe 10 Februari, saa nane mchana, tulisikia hodi mbele. Winfrida alikuwa tayari, mtoto mgongoni, furushi mkononi. Nilifungua mlango. Mzee Benedikto alikuwa amesimama, amevaa koti. Nyuma yake alikuwa Thobias, amembebea begi.

Nilishindwa hata kumkaribisha. Mzee mwenyewe ndiye aliyeeleza. Alisema aliposhuka garini alipita kwanza kwa mwenye nyumba, akapiga hodi, akasalimia, akamweleza kwamba binti yuko kwa Mama Hamza na amekuja kusikiliza. Alisema, "Mama, mimi si mwizi wa kuku. Siwezi kumtoa mtoto wangu kwa mlango wa nyuma wakati nilimtoa kwa mlango wa mbele." Alilisema kwa haki kabisa. Kwetu hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyofanya. Asiyepiga hodi kwa mume ndiye anayesemwa.

Winfrida alisema, "Shikamoo, mjomba." Kisha akaliweka furushi chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mwenyekiti aliitwa, tukakaa uani kwangu. Nilimwomba mzee autazame mgongo. Aliingia ndani na binti, akatoka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Naapa yalikuwa ya kweli. Alimgeukia Thobias akamuuliza kama ndiye aliyefanya vile. Thobias hakukana. Alipiga magoti kwenye udongo, akasema shetani alimpitia, akamshika mzee miguu. Mwenyekiti akasema kijana amekubali kosa, wangapi wanakubali. Mzee akatoa uamuzi: kosa la kwanza lina msamaha, Winfrida arudi amalize arobaini yake kwa mumewe, na kama litatokea la pili, atakuja kumchukua bila kukaa kikao.

Nikasema, "Mzee, hilo si la kwanza. Umeuona mgongo."

Akanijibu kwa heshima, "Mama, kwangu mimi ndilo la kwanza. Ndilo nililoletewa."

Nikamtazama Winfrida aseme. Yeye alikuwa anakaza kitenge cha mtoto. Kwa mila ilivyo, mzee hakukosea hata herufi. Niliwaona wakivuka kijito, Thobias mbele na begi, mzee, halafu binti nyuma na mtoto. Nilikasirika mpaka nikampiga teke jogoo wangu, ambaye hakuwa na kosa, la kwanza wala la pili.

Mzee Benedikto alilala kwa Thobias siku mbili, akaona nyumba imetulia. Tarehe 12 asubuhi alipita kuniaga, akaniachia mchele wa Turiani kwenye mfuko, akanishukuru kwa kumtunzia mtoto. Mchele ule uko juu ya kabati. Sijaupika.

Mnamo tarehe 14 Februari, siku ambayo Wakatoliki wanapakwa majivu, niliamka kwenda kukata ndizi shamba la chini. Kama saa tatu asubuhi nilikuwa nimerudi hadi kijitoni niliposikia mtoto analia kwa Thobias. Alilia mno. Mtoto anayelia na mama yupo, kilio kinakatika. Kile hakikukatika. Niliacha ndizi njiani nikapanda.

Thobias alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Ametoka kanisani, majivu yako kwenye paji la uso. Akainuka akaniambia, "Shikamoo, mama. Ameteleza."

Sikuitikia. Nilimpita nikaingia. Winfrida alikuwa chini, ndani ya nyumba, karibu na meza. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, pale ambapo hapapindi. Juu ya sikio palikuwa pamevimba na damu ilikuwa imetoka puani. Mtoto alikuwa kitandani. Mama alikuwa na fahamu, kwa sababu aliponiona alitazama kitandani, ndipo nami nikamchukua mtoto. Niliangalia miguu ya Winfrida. Ilikuwa mikavu. Magoti hayakuwa na udongo. Kanga ilikuwa safi kama imetoka kamba ya kuanikia.

Tulishuka na gari la ndizi, Winfrida kiti cha mbele akiegemea bega langu, mtoto mikononi mwangu. Thobias alitangulia na pikipiki. Kwa kuwa ndiye mume, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, aliichukua yeye, na humo imeandikwa kwamba mgonjwa ameteleza. Njiani gari lilikuwa linarukaruka na binti alikuwa anauma kanga asipige kelele. Tulipokaribia mjini aliitoa mdomoni akaniambia jambo moja tu.

"Mpigie mjomba. Mwambie hili ni la pili."

Alikuwa karibu kutabasamu, Mungu anisamehe kwa kulisema, lakini nililiona. Mkono umevunjika na ameona pa kutokea. Nilimpigia mzee nikiwa nje ya wodi. Akasema, "Basi imetosha. Kesho nipo hapo."

Usiku ule nililala chini ya kitanda cha Winfrida, nikimnyanyua mtoto na kumweka kwenye ziwa kila alipotaka, maana mama hakuweza kumshika. Tarehe 15, saa mbili asubuhi, Thobias alikuja na dada yake. Aliwasalimia wauguzi wote. Akasema amekuja kumchukua mtoto ili mgonjwa apumzike. Nilikataa kumtoa. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikasema jirani. Akamuuliza Thobias, akasema baba. Afande, na wewe ungefanyaje? Mtoto alitolewa mikononi mwangu kwa utaratibu, bila kelele, na mimi ndiye niliyerekebisha kitenge chake asipigwe na baridi.

Tangu hapo Thobias alikuwa anamleta mtoto kunyonya, anasimama pembeni ya kitanda, akimaliza anamchukua. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili. Mara ya pili Winfrida alimshikilia mtoto kwa mkono wa kushoto, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Thobias alinyoosha mikono tu, akasubiri.

Mzee Benedikto alifika siku hiyo saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa. Alikuwa na koti lile lile, na safari hii alikuja na mfuko mtupu wa kubebea vitu vya binti; alinionyesha. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza. Thobias alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na mtoto mikononi, amemfunika vizuri. Mzee hakumsalimia. Alikaa kwenye kitanda, akamshika Winfrida mkono mzima, akamwambia, "Mwanangu, sema mbele yake. Nani amekufanya hivi?"

Mzee aliuliza mbele yake kwa sababu kwetu mtu hasemwi akiwa hayupo. Angeweza kumwambia Thobias atoke, mtoto abaki. Nilimwomba. Nilisema, "Mzee, mwambie kwanza ampe mama mtoto." Akaniashiria ninyamaze, si jambo langu.

Winfrida alimtazama mtoto. Hakumtazama Thobias hata kidogo, alitazama kile kitenge. Alikaa hivyo mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutuangalia. Kisha akasema, "Nimeteleza, mjomba."

Mzee akauliza tena. Akajibiwa vile vile.

Mzee Benedikto akaachia mkono wake. Aliukunja ule mfuko mtupu, mara moja, mara mbili, akautia kwenye koti. Akasema, "Basi hilo si la pili."

Nilipiga kelele wodini, nakubali, na mlinzi alinitoa nje. Niliyosema yalikuwa matusi na sitayarudia hapa mbele ya msichana aliyevaa sare. Nimelala kwenye benchi la nje, na asubuhi hii nimeuliza watu njia mpaka nimefika dawati hili, mahali ambapo nilitaka kumleta Winfrida tangu tarehe 7.

Nimeulizwa kama nilimwona Thobias akimpiga kwa macho yangu. Hapana, sikumwona. Nimeulizwa kama kuna mwingine anayeweza kusema haya. Yupo mmoja, ana siku ishirini na nane na bado hajui kusema.

Ninachoomba si Thobias afungwe, hilo mtajua nyinyi na sheria yenu. Ninaomba mtu mwenye sare aende wodini sasa hivi, amweke yule mtoto kwenye mkono wa mama yake, amtoe yule kijana nje, ndipo amuulize binti. Liwe hivyo kwa mpangilio huo. Kwanza mtoto, halafu swali.

Niliyoyaona nimeyasema na nisiyoyaona nimesema sikuyaona. Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa yote na nimerekebisha mahali pamoja: palipoandikwa kwamba tarehe 14 Winfrida "alianguka", nimeomba paandikwe kwamba alikutwa chini.

Sahihi: M. R. Mkude

MAELEZO YA AFISA

Mimi WP Koplo Cecilia nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kwa Kiswahili, bila kumshurutisha. Yalimalizika saa 5:20 asubuhi.

Saa 5:50 nilifika wodini pamoja na shahidi. Kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Muuguzi wa zamu alieleza kwamba Winfrida amefungwa plasta ngumu na kuruhusiwa saa 4:00 asubuhi, akaondoka na mume wake, wifi yake na mtoto. Mzee Benedikto alipopigiwa simu alijibu kwamba yuko ndani ya basi anarudi Turiani, na kwamba hana malalamiko kwa sababu mtoto wake amesema aliteleza. Simu ya Thobias Severin haipatikani. Nimeomba gari la kwenda Kinole. Nimejibiwa kwamba litapatikana Jumatatu.

Shahidi amekataa kusubiri mpaka Jumatatu. Amepanda gari la ndizi kurudi Mlimbo. Kabla ya kuondoka ameomba nimwongezee sentensi moja kwenye maelezo yake, nami naiandika hapa chini kwa kuwa yeye ameshatia sahihi:

Tarehe 14 Februari, mvua haikunyesha Kinole.